Arbuni ya nyumba na deni la simu: hesabu ya mfanyakazi wa Pwani aliyeko Nyeri

Kuna swali ambalo huulizwa sana na vijana wetu wa Pwani waliopelekwa kazi bara, hasa walioko Nyeri, Karatina, Nanyuki, Embu na Meru. Ni walimu, wauguzi, askari, makarani wa serikali na wafanyabiashara wadogo. Wamefika umri wa miaka thelathini na kitu, wana watoto, na wamechoka kulipa kodi ya nyumba isiyo yao. Wanataka nyumba ya kwanza. Lakini kila mwezi ukiisha wanakuta mshahara umeshagawanywa kabla haujafika mkononi: Sacco imechukua chake, simu imechukua chake, na mwenye duka anasubiri chake. Kwa hivyo wanauliza: nilipe deni kwanza ndipo nianze kuweka arbuni, au niweke arbuni huku deni likiendelea?

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, na wengi wakisikia hivyo hudhani jibu limekwisha: lipa kila deni, kisha anza akiba. Mambo hayako hivyo kabisa. Kuna deni linalokula arbuni yako kila siku, na kuna deni linaloweza kwenda sambamba na akiba bila madhara makubwa. Anayelitambua kila moja hufika, na asiyelitambua huzunguka miaka kumi akiwa pale pale.

Nimeuchagua mji wa Nyeri kwa sababu mbili. Kwanza, watu wetu wako huko. Miji mingi ya nchi hii ina Majengo yake, na Nyeri pia ina Majengo, palipo na msikiti na familia za Waislamu za tangu zamani. Pili, watu wa mlimani wana historia ndefu ya kupata nyumba na ardhi kwa shilingi ndogo ndogo, na sisi wa Pwani tuna la kujifunza hapo, zuri na baya.

Mabati, hati na benki ya Kangema

Katika miaka ya 1960, wanawake wa Nyeri na sehemu nyingine za uliokuwa Mkoa wa Kati waliunda vikundi vilivyojulikana kama vikundi vya mabati. Nyumba zao zilikuwa za nyasi, zikivuja mvua ya mlimani. Kila mwanachama alitoa kidogo, zikanunuliwa bati za mmoja, kisha za wa pili, mpaka kila mmoja akawa na paa. Hakukuwa na riba wala wakala wa nyumba. Huo ndio mchezo tunaoucheza sisi Mombasa, Malindi na Lamu. Tofauti ni kwamba wale wanawake waliufunga na kitu kimoja: paa. Mchezo wetu mara nyingi huishia kwenye arusi, Idi na fanicha.

Jambo la pili ni hati. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 uliyakusanya mashamba yaliyotawanyika ya watu wa milima ya kati na kuyasajili kwa majina ya wenyewe. Ulifanywa wakati wa Hali ya Hatari, na wako waliopoteza ardhi yao kwa kuwa walikuwa kizuizini. Hata hivyo matokeo yake ni kwamba watu wengi wa huko wamekuwa na karatasi ya kuweka rehani kwa miaka mingi. Kwetu Mombasa kuna nyumba bila ardhi: ukuta ni wako, paa ni lako, lakini kiwanja ni cha mtu mwingine na unamlipa kodi ya ardhi. Nyumba ya namna hiyo ni vigumu kuipeleka benki, kwa hivyo Mpwani wengi hawakulelewa na fikra ya arbuni na rehani. Tulilelewa na fikra ya kujenga chumba kimoja kimoja pesa zikipatikana.

La tatu ni funzo la benki. Mwaka 1984 huko Kangema, Murang'a, ilianzishwa Equity ikiwa chama cha mikopo ya nyumba. Ilipofika 1993 ilikuwa karibu kuanguka, kwa sababu zaidi ya nusu ya mikopo yake ilikuwa hailipwi. Iliokoka kwa kugeukia waweka akiba wadogo na mikopo midogo, na mwaka 2004 ikawa benki kamili. Ikiwa taasisi nzima iliyoundwa kwa ajili ya nyumba inaweza kuzamishwa na madeni yasiyolipika, mshahara wa mtu mmoja una nguvu gani?

Madeni hayana uzito mmoja

Chukua karatasi uyapange madeni yako katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni deni la simu. M-Shwari ilipoanza Novemba 2012, ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Inaonekana ndogo. Lakini ukikopa, ukalipa, ukakopa tena mwezi unaofuata, na ukaendelea hivyo mwaka mzima, umelipa asilimia 90 ya pesa uliyoishika. Fuliza, iliyoanza Januari 2019, ina ada ya kufungulia na ada ya kila siku, na programu nyingine za mikopo ya simu ziko juu zaidi. Hakuna akiba halali nchini itakayokulipa asilimia 90 kwa mwaka. Kwa hivyo kila shilingi unayoiweka kama arbuni huku ukizungusha deni la simu ni shilingi unayoipoteza.

Fungu la pili ni deni la watu: mwenye duka, shemeji, rafiki aliyekuokoa wakati wa msiba. Deni hili halina riba, na kwa sababu hiyo huwa tunalisukuma mwisho. Hilo si sawa. Mwenye duka naye anadaiwa na muuzaji wa jumla. Deni hili halihitaji kulipwa lote leo, lakini linahitaji tarehe. Nenda, mwambie utamaliza mwezi gani, mwandikiane, kisha utimize. Qur'ani imetuamrisha tuandike deni, na imemwamrisha anayedai ampe muda aliye na dhiki. Muda hupewa aliyeuomba, si aliyejificha.

Fungu la tatu ni deni refu la ratiba, kama mkopo wa Sacco au wa benki unaokatwa kwenye mshahara. Mkopo wa Sacco mara nyingi ni asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua. Una mwisho unaojulikana. Deni hili linaweza kutembea pamoja na akiba ya arbuni, kwa sharti moja: usiongeze jingine juu yake. Desturi ya kujaziliza mkopo, yaani kukopa tena kabla wa kwanza haujaisha, ndiyo iliyowafanya watu wakatwe mshahara miaka kumi na tano mfululizo bila kuona walichonunua.

Hesabu ya mwalimu wa Kwale

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwalimu kutoka Kwale anafundisha karibu na mji wa Nyeri. Akishakatwa kodi, makato ya lazima na mkopo wa Sacco, hubakiwa na shilingi 38,000. Baada ya kodi ya nyumba ya 9,000, chakula, nauli na pesa ya mama nyumbani, anaweza kutenga 10,000 kila mwezi. Anadaiwa 20,000 na mikopo miwili ya simu kwa ada ya asilimia 7.5 kwa mwezi, 12,000 na mwenye duka, na 180,000 na Sacco kwa miezi 24, ambazo ni kama 8,500 kila mwezi na tayari zimeshakatwa.

Njia ya kwanza: anaanza arbuni mara moja. Kila mwezi anatoa 1,500 za ada ya simu ili mkopo uzunguke, na 8,500 anaweka. Mwisho wa mwaka ana 102,000. Anafurahi, anapiga picha ya salio. Lakini bado anadaiwa 20,000 za simu na 12,000 za duka. Ukiziondoa, ana 70,000. Shilingi 18,000 zimekwenda kwenye ada, na deni halikupungua hata senti moja.

Njia ya pili: anaua deni la simu kwanza. Mwezi wa kwanza analipa ada ya 1,500 na 8,500 za deni lenyewe, linabaki 11,500. Mwezi wa pili ada ni kama 863, na deni linabaki kama 2,363. Mwezi wa tatu anamaliza simu kwa kama 2,540, na 7,460 zilizobaki anampelekea mwenye duka. Mwezi wa nne anammalizia 4,540 na kuweka akiba ya kwanza ya 5,460. Miezi minane iliyobaki anaweka 10,000 kila mwezi. Mwisho wa mwaka ana 85,460, na hana deni la simu wala la duka.

Ukitazama salio peke yake, njia ya kwanza ni 102,000 na ya pili ni 85,460, na mtu atadhani wa kwanza ameshinda. Ukitoa madeni, wa kwanza ana 70,000 na wa pili 85,460. Tofauti ni zaidi ya shilingi 15,000, kwa mshahara ule ule na kujinyima kule kule. Mpangilio peke yake ndio uliozileta.

Tuendelee. Mwaka wa pili anaweka 10,000 kila mwezi, anafika 205,460. Mwezi wa 24 mkopo wa Sacco unaisha wenyewe bila yeye kuufanyia haraka, na zile 8,500 zinarudi mfukoni. Asizizoee. Akiziunganisha na zile 10,000, anaweka 18,500 kwa mwezi, na miezi sita baadaye ana 316,460. Hiyo ni miaka miwili na nusu kutoka alipoanza na deni la simu.

Katika pesa hizo, 20,000 za kwanza si za arbuni. Ni za dharura: mtoto akiugua, au nauli ya kuteremka Pwani kwa mazishi. Asiyekuwa nazo hurudi kwenye simu usiku wa kwanza wa matatizo, na mzunguko wote unaanza upya. Dawa ya deni ni kulipa, lakini kinga yake ni kuwa na kitu pembeni.

Arbuni si gharama yote

Wengi hupiga hesabu ya arbuni peke yake na kukwama mlangoni. Tuseme nyumba ni ya shilingi 2,000,000 na arbuni ni asilimia 10, yaani 200,000. Juu ya hapo kuna ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 4 ya thamani kwa mali iliyo ndani ya mji na asilimia 2 kwa mali ya mashambani. Kwa nyumba hiyo mjini ni 80,000. Kuna wakili, kuna mthamini, kuna ada za usajili. Kwa hivyo mwalimu wetu mwenye 316,460, akiweka kando 20,000 za dharura, ana 16,460 tu baada ya arbuni na stempu. Itambidi angoje miezi miwili mitatu zaidi kwa ajili ya wakili. Ni afadhali kungoja hiyo miezi kuliko kukopa ada ya wakili kwenye simu.

Iko nafuu anayopaswa kuijua. Sheria ya Fedha ya 2018 iliwasamehe ushuru wa stempu wanaonunua nyumba ya kwanza chini ya mpango wa nyumba za bei nafuu. Mpango huo ndio unaoendeshwa kupitia Boma Yangu, ambapo mtu hujisajili kwa kitambulisho na kuweka akiba kidogo kidogo mpaka atimize arbuni. Nyeri kuna mradi wa Blue Valley, na miji mingine ya mlimani nayo imepata miradi yake, kama sisi tulivyoona Buxton ikibomolewa na kujengwa upya. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya Machi 2024 inamkata mwajiriwa asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri naye hutoa kiasi hicho hicho. Tusidanganyane: kukatwa ushuru huo hakukupi nyumba. Ni lazima ujisajili, uweke arbuni na ungoje zamu. Viwango vya arbuni na bei hubadilika, basi visome siku unapoomba, usitegemee ulichosikia kwenye matatu.

Kisha kuna malipo ya kila mwezi. Mkopo wa 1,800,000 kwa miaka 20 kwa asilimia 9 ni kama shilingi 16,200 kwa mwezi. Kwa asilimia 14 ni kama 22,400. Hiyo tofauti ya zaidi ya 6,000 kila mwezi ni karo ya mtoto. Ndiyo sababu iliundwa Kampuni ya Kenya ya kufadhili upya rehani, KMRC, iliyopata leseni ya Benki Kuu mwaka 2020. Haikukopeshi wewe moja kwa moja. Huzipa benki na Sacco pesa za muda mrefu kwa bei nafuu ili nazo zikukopeshe chini ya asilimia 10. Sacco ya Imarika ya Kilifi ni miongoni mwa wanahisa wake, na pia Unaitas, iliyozaliwa Murang'a kwa jina la Muramati. Kwa hivyo kabla ya kukubali kiwango cha benki ya kwanza, uliza kama wanatoa mkopo wa fungu hilo.

Mwalimu wetu anaweza kulipa 16,200? Ana 10,000 alizokuwa akiweka, 8,500 zilizokuwa za Sacco, na 9,000 za kodi ambazo hatalipa tena. Jumla ni 27,500. Anaweza, na anabaki na pumzi. Kama angekuwa amejaziliza mkopo wa Sacco, asingeweza. Tena sheria ya ajira inataka makato yote yasizidi theluthi mbili za mshahara. Benki ikitazama hati ya mshahara na kukuta theluthi hizo zimeshajaa, hata ukija na arbuni ya milioni utarudishwa nyumbani.

Jina lako kwenye daftari

Jambo jingine linalowarudisha watu ni CRB. Mkopo usiolipwa kwa siku 90 hupelekwa kwenye mashirika ya taarifa za mikopo, na taarifa hiyo huweza kubaki miaka mitano hata baada ya kulipa. Nchini kuna mashirika matatu yenye leseni: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Una haki ya ripoti moja ya bure kila mwaka. Iombe mwaka mmoja kabla ya kuomba nyumba, si wiki moja kabla. Huenda ukakuta deni la simu la 1,500 ulilolisahau, au deni ulilolipa lakini halikufutwa. Yote hurekebishika, lakini huhitaji muda.

Na kama una mkopo wa benki uliokwama, jua kwamba tangu 2007 sheria ya benki inaweka kikomo: riba itakayodaiwa baada ya mkopo kuacha kulipwa haiwezi kupita kiasi cha msingi kilichobaki siku hiyo. Wengi wamelipa zaidi ya hapo kwa kutojua. Omba taarifa ya hesabu kwa maandishi kabla ya kulipa.

Wapi pa kuweka arbuni

Watu wengi huweka kila kitu ndani ya Sacco wakidhani ndiyo arbuni. Akiba ya kukopea ndani ya Sacco haitoki mpaka ujitoe uanachama, na huwezi kujitoa ikiwa umedhamini mkopo wa mwenzako ambaye hajamaliza. Akiba hiyo ni nzuri, kwani mara nyingi hukupa haki ya kukopa mara tatu yake, lakini si pesa ya kumpelekea muuzaji. Arbuni iweke katika akaunti yake peke yake, isiyo na kadi na isiyounganishwa na simu yako. Na kabla ya kumdhamini mtu, kumbuka kwamba umemkopesha nyumba yako.

Mchezo nao una nafasi yake, na hapa ndipo wale wanawake wa mabati wanapotufaa. Tuseme mko kumi, kila mmoja 10,000 kwa mwezi. Mwenye deni la simu aombe zamu ya mapema, kwa kuwa zamu hiyo ni mkopo usio na riba wa kuulia mkopo wa asilimia 7.5. Asiye na deni achukue zamu ya mwisho, kwake iwe ni akiba ya lazima. Cheza na watu unaojua makazi yao na kazi zao, kwa sababu wa mwisho ndiye anayebeba hatari ya wa kwanza kutoroka.

Aliye na mfuko wa uzeeni wa kazini aulize pia juu ya kanuni ya 2020, inayomruhusu mwanachama kutumia hadi asilimia 40 ya mafao yake kununua nyumba ya kuishi, isipite shilingi milioni 7. Ni pesa ya uzee, kwa hivyo iwe ni kujaliza, isiwe ndiyo tegemeo.

Na riba je?

Msomaji Mwislamu ameshaniuliza moyoni: mbona unazungumza asilimia kana kwamba ni halali? Nimezitaja kwa sababu ndizo zinazowakata watu wetu leo, na mtu hawezi kutoka mahali asipojua yupo. Njia nyingine ziko. Tangu 2008 nchi hii ina benki zinazoendeshwa kisharia: Gulf African, na First Community ambayo mwaka 2023 ilinunuliwa na kuwa Premier. Baadhi ya benki za kawaida nazo zina madirisha yao. Kwa nyumba, njia inayotumika sana ni ushirika unaopungua: wewe na benki mnainunua nyumba pamoja, unalipa kodi kwa sehemu ya benki, na kila mwezi unanunua kipande mpaka inakuwa yako yote. Hapa pia huulizwa arbuni, mara nyingi kubwa zaidi, maana ndiyo hisa yako ya kwanza. Linganisha jumla utakayolipa hadi mwisho, uliza ikiwa kodi hupanda, na umuulize sheikh unayemwamini kuhusu mkataba wenyewe, si kuhusu jina la benki.

Usisahau na zaka. Arbuni iliyofika nisabu na kupitiwa na mwaka huingia kwenye hesabu ya asilimia 2.5 kwa rai ya wanazuoni wengi, hata kama umeikusudia nyumba. Namna ya kuyatoa madeni katika hesabu hiyo ina khitilafu, na hilo pia ni la kuuliza.

Halafu kuna jambo zito kuliko yote. Katika sheria yetu, mtu akifa, deni hulipwa kabla ya warithi kugawana. Nyumba uliyoiacha na madeni yasiyoandikwa itauzwa kuyalipa, na watoto watabaki kwenye kodi ile ile uliyoikimbia. Kwa hivyo orodha ya madeni yako isiwe siri. Mke au mume aijue, na ikae pamoja na wasia.

Viwanja vya msimu

Mwisho, tahadhari. Oktoba wakulima wa chai wa mlimani hupokea bonasi yao, na miji kama Karatina na Kerugoya hujaa matangazo ya viwanja na magari. Kwetu ni hivyo hivyo msimu wa watalii ukiwa mzuri. Pesa ya mkupuo humfanya mtu asahau deni dogo na kukimbilia arbuni ya kiwanja asichokiona. Mwaka 2018 Sacco ya Ekeza, iliyokuwa ikiwavutia watu wa maeneo ya kati kwa ahadi za ardhi na nyumba, ilifutiwa leseni, na maelfu ya waweka akiba wakabaki wakidai.

Kabla ya kutoa arbuni popote, fanya haya. Angalia kama Sacco ina leseni ya SASRA. Nunua cheti cha upekuzi kwenye ofisi ya ardhi uone jina la mwenye hati na kama kuna rehani juu yake. Ikiwa ni ardhi ya kilimo, na sehemu kubwa ya Nyeri nje ya mji ni ya kilimo, ni lazima kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi, na mume au mke wa muuzaji akubali. Arbuni ipite kwa wakili na si mkononi, na mkataba useme itarudi vipi kama mauzo hayakutimia.

Basi mshahara wa mwezi huu ukiingia, kabla ya kutuma chochote, andika madeni yote na ada ya kila moja. La simu liwe juu. La duka liandikiwe tarehe. La Sacco liachwe liishe kwa ratiba yake. Kisha fungua akaunti ya arbuni hata kwa shilingi 500, ili mlango uwe tayari siku deni la simu litakapotoka. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kwanza ziba tundu la kibaba.